Viamilishi vya Sirtuini: Jina Lisitangulie Ushahidi

Istilahi ya sayansi hukitaja kitu na kukitofautisha na vingine. Ikianza kukisifu, imekwisha kuiacha sayansi na kuingia sokoni. Yafaa tulikumbuke jambo hili tunapozitafutia jina la Kiswahili kampaundi zinazosemekana kuongeza utendaji wa sirtuini.

Sirtuini ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli. Binadamu ana vya aina saba, na kazi yao ijulikanayo zaidi ni kuondoa kundi la asetili katika protini kwa kutumia kampaundi iitwayo NAD.

Mfasiri huenda akavutwa kwanza na "vichocheo vya sirtuini". Lakini kimeng'enya chenyewe ni kichocheo. Tutapata kichocheo cha kichocheo, na mwanafunzi asijue kipi ni kipi. "Viamsho" nalo ladokeza kwamba kimeng'enya kilikuwa kimelala, hali kilikuwa kazini na kimeongezewa kasi tu. Ama "dawa za maisha marefu", hilo si istilahi, bali ni tangazo la biashara. Sisi tunapendekeza "viamilishi", kutokana na kitenzi amilisha.

Hata hivyo, jina zuri halithibitishi jambo. Mwaka 2003 ilitangazwa kwamba resveratroli, iliyomo katika maganda ya zabibu, huongeza utendaji wa sirtuini iitwayo SIRT1 na kurefusha maisha ya hamira. Mwaka 2005 watafiti wengine walionyesha kwamba ongezeko hilo lilitegemea rangi ing'aayo iliyobandikwa kwenye kipande cha protini kilichotumiwa katika jaribio. Pasipo rangi hiyo, ongezeko halikuonekana. Mwaka 2013 ikabainishwa kwamba vipande fulani vya protini, hata bila rangi, huwezesha uamilishaji kutokea. Kumbe uamilishaji hautokani na kampaundi peke yake, bali hutegemea pia protini inayoshughulikiwa.

Basi mfasiri asiandike kwa mkato kwamba resveratroli "ni kiamilishi cha sirtuini". Na aandike kwamba huongeza utendaji wa SIRT1 juu ya protini fulani, katika masharti fulani. Sentensi itarefuka, lakini itakuwa ya kweli. Msomaji asiyeweza kuyafikia maandiko ya asili hana kinga nyingine ila maneno tunayompa. Tukimpa ahadi mahali pa maelezo, ataigharimia ahadi hiyo kwa fedha yake, na pengine kwa afya yake.