Afya si Sadaka: Uhakiki wa Nadharia ya "Mtaji Watu"

Wachumi wengi siku hizi huita afya ya umma "uwekezaji katika mtaji watu". Makada na wanafunzi wanauliza: nadharia hii tuipokee au tuikatae? Jibu letu ni kwamba ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ni hatari.

Kwanza, ukweli wake. Mkulima wa Jadida, Wete, huchuma karafuu kwa mikono, juu ya mti, na sharti azichume kabla maua hayajachanua. Zikichanua, thamani hushuka. Homa ya wiki moja wakati wa msimu si hasara ya mgonjwa peke yake. Ni pato la kaya na fedha za kigeni za nchi zinazopotea. Kwa hiyo wanaodai kwamba tuzalishe kwanza, tutibiwe baadaye, wamekosea.

Pili, upotofu wake. Nadharia hii humpima mtu kwa faida anayoleta. Kwa hesabu hiyo, bibi asiyeweza tena kwenda shamba "halipi". Siasa ya ujamaa inafundisha kwamba mtu ni nguvu ya maendeleo, na tena ndiye lengo lake.

Tatu, hesabu ya faida hujidanganya yenyewe. Ugonjwa ukipungua, kila shilingi inayoongezwa huonekana kuleta faida ndogo, basi fungu hukatwa. Zanzibar inajua matokeo yake. Kampeni ya kutokomeza malaria iliyoanza miaka ya 1950, kwa kupuliza DDT majumbani, iliushusha sana ugonjwa. Ilisimamishwa mwaka 1968, na malaria ikarudi. Kuanzia 2003 dawa mseto, kisha vyandarua vyenye dawa na upuliziaji, viliishusha tena hadi chini ya asilimia 1 ya watu. Lakini sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wafadhili, na mwaka 2025 Marekani ilikata misaada mingi ya afya duniani. Ushindi unaolipiwa na mwingine una mwisho unaoamuliwa na mwingine.

Basi kada asihesabu zahanati zilizofunguliwa tu. Aulize: mbu wakiwa wachache na wodi zikiwa tupu, fungu la kinga bado limo katika bajeti yetu wenyewe? Hapo ndipo kujitegemea kunapopimwa.