Simba Kubwa au Simba Mkubwa? Kiswahili cha Makumbusho katika Mtandao

Makala haya yanakusudia kuhakiki jinsi Kiswahili kinavyotumiwa katika majina ya kisayansi ya wanyama wa kale, kama yanavyosomeka leo katika kurasa za mtandao za makumbusho na za majarida ya elimu ya viumbe. Huenda msomaji akauliza jambo hili lamhusu nini mwanalugha. Kwangu mimi lilianza na wino mwekundu.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Emali kama nilivyo mimi, aliandika katika insha yake kwamba "simba kubwa ilionekana karibu na reli." Nilikata "kubwa" nikaandika "mkubwa", nikakata "ilionekana" nikaandika "alionekana", kando nikamkumbusha upatanisho wa viumbe vyenye uhai. Juma lililofuata alinijia na simu yake mkononi, akanionyesha jina Simbakubwa kutokaafrika, na chini yake picha ya taya lenye meno ya kutisha. "Mwalimu," akaniuliza kwa adabu, "na hawa nao utawasahihisha?" Sikuwa na jibu siku ile.

Mifupa ya mnyama huyo ilifukuliwa Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, kati ya mwaka 1978 na 1980. Ikahifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Nairobi, na kwa miaka zaidi ya thelathini ikalala katika droo. Hatimaye mtaalamu wa Kimarekani, Matthew Borths, aliiona alipokuwa katika utafiti wake humo, na mwezi wa Aprili 2019 yeye na Nancy Stevens wakaitangaza kuwa ya mnyama asiyepata kuelezwa kabla. Aliishi kiasi cha miaka milioni 22 iliyopita, na wagunduzi wake wanakadiria kuwa huenda alimzidi kwa ukubwa dubu mweupe wa ncha ya kaskazini. Si simba. Ni wa kundi la walanyama waliokwisha toweka, ambao jina lao la Kiyunani lina maana ya meno ya fisi, ingawa fisi nao si jamaa zao. Kwa hiyo hatuwalaumu wataalamu hawa kwa kumwita simba asiye simba. Waliowatangulia walifanya vivyo hivyo kwa Kiyunani, na hapana aliyelalamika.

Lawama, kama ipo, iko katika "kubwa". Sarufi sanifu, iliyojengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930, yataka jina la mnyama, hata likiwa na umbo la ngeli ya N, lipatanishwe kama jina la mtu: simba mkubwa, simba wakubwa. Hata hivyo kanuni hii si kamili kama tunavyoifundisha. Mswahili wa pwani husema "ng'ombe zangu" na "mbuzi zetu" bila kuona haya, na vimilikishi hivyo ni vya ngeli ya N. Tena lipo umbo la ukubwa: twasema joka kubwa, jitu kubwa, na katika ngeli hiyo kivumishi hakina kiambishi cha kuonekana. Mnyama wa kumpita dubu angestahili hasa kuitwa jisimba. Mtu aweza basi kuitetea "kubwa" kwa njia hiyo, lakini utetezi wenyewe wachechemea, kwa sababu jina halikugeuzwa kuwa jisimba; kivumishi peke yake ndicho kilichohama.

Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli, kwa maoni yangu, yako Emali. Mji huu ni njia panda. Barabara ya Mombasa yapita hapo, na njia ya Loitokitok huanzia hapo. Reli ya zamani ipo, na ile mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 ina kituo chake. Mkamba na Mmaasai hukutana katika mnada wa mifugo, na lugha ya kupatana bei ni Kiswahili. Kikamba, kama lugha nyingi za Kibantu za bara, humpatanisha ng'ombe au mbuzi kwa ngeli ya jina lenyewe, wala hakijali kwamba ana uhai. Msemaji wa Emali asemapo "ng'ombe kubwa" hakosi kwa uvivu. Anafuata utaratibu, na utaratibu huo una mantiki yake. Kiswahili hiki ndicho anachokisikia mgeni afikaye Nairobi na kufanya kazi bara. Hatudai kujua walikojifunza Kiswahili wagunduzi wa Simbakubwa. Tunachosema ni kwamba jina walilolitunga lingepita katika mnada wa Emali bila mtu kugeuza shingo.

Na sasa halibadiliki. Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika mwaka 2000, zaruhusu jina kutoka lugha yoyote, lakini likisha chapishwa kwa utaratibu unaotakiwa, tahajia yake ya kwanza hubaki. Kosa la chapa laweza kurekebishwa. Kosa la upatanisho katika lugha iliyoazimwa silo. Kanuni hizo hizo zataka jina la spishi lianze kwa herufi ndogo na liwe neno moja, ndiyo sababu Afrika imepoteza herufi yake kubwa na kuunganishwa na "kutoka". Wino wangu mwekundu haufiki huko.

Yafaa kulinganisha na majina mengine ya aina hii, maana Simbakubwa si wa kwanza. Mwaka 2010 mtambaazi wa kale kutoka bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, aliitwa Asilisaurus kongwe. Hapa Kiswahili na Kiyunani vimefungwa nira moja, lakini "asili kongwe" ni Kiswahili safi. Mwaka 2017 likaja jina Shingopana songwensis, la dinosaria wa Songwe; shingo pana, upatanisho hauna ila, na jina latamkika vizuri. Mwezi wa Februari 2019 akatangazwa Mnyamawamtuka moyowamkia, dinosaria wa bonde la mto Mtuka katika eneo la Rukwa. Jina hili lanivutia kuliko yote. Mnyama wa Mtuka: hakuna mwalimu atakayelikata. Moyo wa mkia: viambishi vyote viko mahali pake. Lakini wagunduzi walitaka kusema kwamba baadhi ya mifupa ya mkia ina umbo la moyo, na "moyo wa mkia" hausemi hivyo. Wasema kwamba mkia una moyo. Katika Simbakubwa sarufi imeteleza na maana imesimama. Katika moyowamkia sarufi imesimama na maana imeteleza. Nani kati yao amekosa zaidi? Nilipokuwa kijana ningemtaja wa kwanza bila kusita.

Lakini tukiishia kwenye upatanisho tutakuwa tumemkosa mnyama tukashika mkia. Mwezi wa Desemba nilimwonyesha amu yangu ukurasa ule wa Simbakubwa, tumekaa mbele ya duka lake Emali. Alilisoma jina kwa sauti, akacheka, akasema, "Hicho si Kiswahili cha kitabu, Mwalimu. Hicho ni chetu." Kisha akashuka chini ya jina kusoma zaidi, akanirudishia simu. Chini ya jina palikuwa na Kiingereza kitupu. Nikamtafsiria: Kiswahili chake mwenyewe nikamweleza kilivyoelezwa kwa lugha nyingine, kwamba "simba" maana yake ni simba na "kubwa" maana yake ni kubwa.

Hapo ndipo ilipo hoja yetu. Katika kurasa tulizozisoma, Kiswahili kimechukuliwa kama mti wa kuchongea jina. Kazi ya kueleza kitu kilichopewa jina hilo kimenyimwa. Wala si kwamba nafasi haipo. Utaratibu wa kumbukumbu uitwao Darwin Core, ambao makumbusho mengi hutumia kubadilishana taarifa za vielelezo kwa njia ya mtandao, una mahali pa kuandika jina la kienyeji. Mahali hapo mara nyingi tulipakuta patupu, hata kwa wanyama ambao kila mtoto wa Makueni anawajua kwa Kikamba kabla hajawajua kwa Kiswahili: munyambu kwa simba, mbiti kwa fisi.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo nilipata kusimama Chicago, katika Field Museum, mbele ya simba wawili wa Tsavo waliouawa Desemba 1898, wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Wameshindiliwa na kuwekwa ndani ya kioo. Reli iliyowafikishia risasi ndiyo hiyo iliyopandishwa hadi Emali. Amu yangu hatafika Chicago. Lakini kwa simu yake aweza kuwaona simba hao wakati wowote apendao. Kwake ukurasa ndio makumbusho yenyewe, na lugha ya ukurasa ndiyo bawabu wa mlangoni.

Hili lina uchungu wa pekee kwa sisi wa Makueni. Kamoya Kimeu, aliyezaliwa huko mwaka 1938 na kufariki mwaka 2022, ndiye aliyeona mwaka 1984, huko Nariokotome, kipande cha kwanza cha mifupa ya yule kijana wa Turkana ambaye sasa sifa zake zimeenea duniani. Wenzake wengi katika kikosi kile walikuwa Wakamba, na kambini walisema Kiswahili. Sayansi imemheshimu kwa njia yake: yuko nyani wa kale aitwaye Cercopithecoides kimeui, na mwaka 1995 likaongezwa jina Kamoyapithecus. Tazama ile "i" ya mwisho katika kimeui. Ni kiambishi cha Kilatini cha umilikishi. Kiswahili kingesema "wa Kimeu". Jina la mtu wetu limepewa sarufi ya Roma, nalo ni heshima, sikatai. Lakini maneno aliyoyasema siku ile alipoinama akaokota kile kipande hayamo katika kumbukumbu ya kielelezo, wala lugha aliyoyasemea haimo.

Si haki kulalamika bila kujaribu. Tunapendekeza maelezo mafupi ya mfano, ya kuwekwa chini ya jina la kisayansi: "Simbakubwa kutokaafrika. Si simba. Mlanyama mkubwa wa kundi lililotoweka. Taya, meno na baadhi ya mifupa. Kisukuku kilichofukuliwa Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, 1978 hadi 1980. Umri: kiasi cha miaka milioni 22. Kimehifadhiwa Nairobi." Maneno yote yamo katika Kiswahili cha kawaida, na "kisukuku" limekwisha kubaliwa katika kamusi. Msomaji ataona kwamba nimeandika "mlanyama mkubwa", kwa m-. Katika maelezo, sanifu ni sanifu. Katika jina, nimeiacha "kubwa" ya Emali ikae. Mwanafunzi wangu nimempa alama yake ya "kubwa" niliyomnyima, si ya "ilionekana", na nadhani bado tutabishana.

Neno moja limetushinda. Walanyama hawa hutambulikana kwa meno ya pembeni yenye makali, yanayopitana kama mikasi na kukata nyama. Tumejaribu "meno mikasi", tukaona yaweza kudhaniwa ya mbele. Tukajaribu "magego makali", tukaona hayaelezi kukata. Wachinjaji wa Emali nimewauliza, wakanipa jibu la Kikamba ambalo sijaridhika nalo. Wasomaji wenye neno bora, hasa walio karibu na wawindaji wa zamani wa Ukambani au wa Unyamwezi, tutashukuru wakituletea.