Kipande House: mawe yanasifiwa, foleni inasahauliwa

Wanaosifia majengo ya zamani ya Nairobi hawakosi kulitaja Kipande House, pale Kenyatta Avenue. Watakuonyesha mawe ya kuchongwa na kimnara chake, watakwambia lilijengwa 1913 na Gurdit Singh, Mhindi aliyefanya kazi ya reli, na kwamba lilikuwa stoo. Habari ya vipande wanaimaliza kwa sentensi moja. Hapo ndipo ninapogombana nao.

Jina la jengo limetoka kwenye ile foleni ya wanaume waliokuja hapa kusajiliwa. Sheria ilipitishwa 1915 ikaanza kubana baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi abebe karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Karatasi ikatiwa kwenye kikebe cha bati, kikebe kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Ukiacha kazi kabla mzungu hajatia sahihi, wewe ni mtoro, na utoro ni jela au faini. Tena mshahara wa jana ukiwa umeandikwa pale, mwajiri mpya akuongeze kwa nini? Kikebe kilikuwa kinashusha bei ya mtu. Harry Thuku alikuwa kati ya waliokipinga. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulienda kudai aachiliwe na polisi wakaufyatulia risasi. Kile cha shingoni kiliondolewa 1947.

Baadaye KCB ikalinunua, na jina ikaliacha. Kwa hilo nawapa heko, maana mtu wa matangazo angelipaka jina tamu siku hiyo hiyo. Lakini jina bila hadithi linazoeleka. Mteja anaingia, anatoa kitambulisho, anaweka pesa, anatoka, na lile neno la juu ya mlango ni anwani tu.

Na wala neno lenyewe halijaenda mbali. Mtaani kitambulisho bado ni kipande: soja wa mlangoni anakwambia uache kipande ndio upande juu, na ukikosa, shauri yako. Anayeandika juu ya jengo hili angeanzia hapo, minara ije baadaye. Angemuuliza kijana wa Garissa, au Mnubi wa Kibra, alihojiwa na wazee mara ngapi kabla ya kupewa chake. Amri ya rais ya kuondoa mahojiano hayo ya ziada kwa watu wa kaskazini mashariki imetolewa juzi tu, Februari 2025.