Ukuta Unaomlilia Nani?

Wanyakyusa wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wana neno zito: ukwangala. Ni kukaa na wenzako kwa furaha na heshima, utu wa mtu ukikamilika katika jamaa. Monica Wilson aliliweka neno hilo katikati ya kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya watu hao. Mumewe, Godfrey, alikwisha kueleza mwaka 1939 jinsi maziko yao yalivyokuwa na umbo: wanawake wakilia, wanaume wakicheza ngoma kwa mikuki. Huzuni isiyo na umbo humla mwenyewe. Ikipata umbo, jirani naye huishika upande wake.

Kwa kipimo hicho yafaa kuitazama michoro mitano ya Elimo Njau katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, ya mwaka 1959. Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, hakuwa mwenyeji pale. Aliingia nyumba ya msiba wa watu. Kanisa lilikuwa kumbukumbu ya Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau.

Hakuwachora marehemu. Alichora kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, uchungu wa Gethsemane na msalaba. Nyuso zote nyeusi, na ardhi ni ile ile ya milima na mabonde ambayo waumini waliikanyaga kuja kusali. Hivyo jengo likaacha kuwa kibanda cha ibada ngeni, likawa kifua cha wenyeji.

Hapa ndipo penye swali. Machi ya mwaka ule ule, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Ukuta hauwataji, na atakayeuita ukimya huo woga hatakosa hoja. Lakini aliyesulubiwa aliuawa na askari wa dola ya kigeni. Nani angemzuia mama wa Murang'a, akimtazama Mwafrika yule msalabani, asimwone mwanawe aliyefia kizuizini?

Kumbukumbu ilijengwa kwa ajili ya wafu wa upande mmoja; mchoro ukafungua mlango kwa wafu wa pande zote. Mgeni aliyekuja kuhani alijua alichokifanya: msibani, hapaulizwi aliyelala ni wa nani.