Mipha Alipaswa Kufa

Ukitaka kuwagombanisha watu wawili wanaoipenda Zelda, achana na lile swali la Ocarina of Time na Majora's Mask. Wakumbushe tu Sidon anavyoingia ndani ya Vah Ruta. Mmoja atasema alilia kwa furaha, mwenzake atasema aliweka pedi chini akatoka nje kupunga upepo. Mimi ni wa kundi la pili, na sina haja ya kuwazungusha hadi aya ya mwisho: kuwaokoa Mabingwa wanne katika Hyrule Warriors: Age of Calamity kulikuwa uamuzi mbovu. Tena ni mbovu kiufundi, kabla hatujafika kwenye machozi ya mtu yeyote.

Tulirudie tukio lenyewe, maana kila anayelitetea hulisimulia mbio mbio. Ganon ameamka, mashine za Guardian zimewageuka watu wa Hyrule, kila Bingwa amenaswa peke yake ndani ya mnyama wake wa chuma. Mipha yuko ndani ya Vah Ruta na jitu liitwalo Waterblight Ganon. Sisi tuliomaliza Breath of the Wild tunajua kinachofuata, kwa sababu roho yake yeye mwenyewe ilishatusimulia. Ameishiwa nguvu. Jitu linajiandaa kumaliza kazi. Hapo mwanga wa buluu unapasuka hewani, na kutoka ndani yake anaruka Sidon, yule mdogo wake tuliyemjua kama mtoto mdogo wa kubembelezwa na Mipha, sasa ni dume zima lenye mwili unaomfunika dada yake. Dada anamtazama mgeni huyu bila kumjua. Kwa sekunde hizo chache, nakiri, ni picha nzuri sana.

Halafu inarudiwa. Yunobo anatokea kwa Daruk. Teba anatokea kwa Revali. Riju anatokea kwa Urbosa. Mlango ule ule, mwanga ule ule, sekunde ile ile ya mwisho. Mara ya kwanza ni mshtuko, mara ya pili ni utaratibu, mara ya nne unajua kabisa nani atatoka na utasubiri muda gani. Hata Sidon na Mipha, walio ndugu wa damu, wanapunguzwa thamani, kwa sababu tukio lao limegeuzwa kuwa la kwanza katika foleni. Teba na Revali hawakuwahi kuonana maishani; Teba ni shabiki anayekutana na jina alilolisikia kwenye hadithi za wazee. Hilo lingeweza kuwa jambo la kuchekesha na kusikitisha kwa pamoja kama lingepewa nafasi yake. Halikupewa. Kuna mapigano yanasubiri.

Na hapa ndipo penye kosa lenyewe. Wakati mlango unafunguka, mchezaji anafanya nini? Hafanyi kitu. Ameshika pedi anatazama video. Aliyefungua mlango ni Terrako, kile kiguardian chenye umbo la yai kinachopiga milio kama simu ya zamani, na amefungua bila wewe kuulizwa, bila kupandisha kiwango chochote, bila kuwahi popote kwa dakika moja. Musou ni aina ya gemu iliyojengwa juu ya kuwahi. Tangu Dynasty Warriors 2 mwaka 2000, moyo wake ni ule ujumbe unaotokea chini ya skrini kwamba kamanda wako kule kaskazini amezidiwa, na wewe uko kusini, na inabidi uamue: umalize ngome hii au ukimbie? Ukichelewa, anaanguka. Hiyo ndiyo sarafu ya musou. Age of Calamity ilikuwa na kuchelewa kukubwa kuliko kote katika historia ya Zelda, kuchelewa kwa Link na Zelda kulikogharimu ufalme mzima, ikakuchukua ikakuweka kwenye kiti cha mtazamaji.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Omega Force, watengenezaji wa gemu hii, walikuwa na jibu kabatini kwao. Waliocheza Dynasty Warriors 8 ya mwaka 2013 wanakumbuka: kila ufalme ulikuwa na njia mbili. Ukicheza kawaida, unapata historia kama ilivyo, watu wanakufa kama walivyokufa, na mwisho unakuacha na uchungu. Lakini ukirudi nyuma, ukatimiza masharti ndani ya mapigano fulani, ukawaokoa makamanda ambao mara ya kwanza uliwapoteza, inafunguka njia ya pili, ya mambo ambayo hayakutokea. Ilikuwa kazi. Kuna usiku ulikuwa unarudia pambano moja kwa sababu ulichelewa kumfikia mtu mmoja tu. Na ulipofika kwenye mwisho ule mwema ulijua umeulipia. Sasa chukua mfumo huo, uweke Hyrule. Acha Mipha afe mara ya kwanza. Acha Zelda akimbie kwenye mvua na Link aanguke, kama kumbukumbu zilivyotuonyesha. Kisha, mchezo ukiisha, mpe mchezaji Terrako na sharti gumu. Hata mimi ningelia Sidon akiingia.

Timu ileile, kiwanda kilekile, miaka saba baadaye, na hawakukumbuka? Siamini. Waliogopa.

Waliogopa nini, ndilo swali. Septemba 2020 Eiji Aonuma, mtayarishaji wa Zelda, alijitokeza kwenye video kuitangaza gemu hii, na ujumbe ulikuwa mmoja: rudi miaka 100 kabla ya Breath of the Wild, ujionee Balaa Kuu lilivyotokea. Trela zikafuata zikiwa na Mabingwa wakiwa hai, magofu yakiwa miji, uwanja wa Hyrule ukiwa na jeshi. Tukanunua. Zaidi ya nakala milioni 3 zilisambazwa ndani ya siku nne, na Koei Tecmo wenyewe wakatangaza kwamba hakuna musou iliyowahi kufika hapo. Watetezi hupenda kunitajia idadi hiyo kama ushahidi kwamba mashabiki waliridhika. Ndani ya siku nne nani alikuwa ameumaliza? Kilichouza nakala zile ni ahadi ya msiba. Watu walilipia kilio, wakapewa sherehe.

Kuna watakaosema tulionywa. Ni kweli, demo ya Oktoba ilianza na Terrako akijirusha kwenye mlango wa wakati huku kasri likiwaka, na mwenye macho alielewa. Mimi niliona, nikajiambia kwamba ni mtego wa kihadithi, kwamba yai hili litajaribu kubadilisha mambo na litashindwa, na kushindwa kwake ndiko kutakuwa pigo la mwisho. Huo ungekuwa mchezo! Kiumbe aliyerudi akijua kila kitu, akikimbia kutoka Ruta ya Mipha hadi Naboris ya Urbosa, akifika kila mahali akiwa amechelewa. Omega Force walitengeneza mhusika mwenye uwezo wa kubeba janga la aina hiyo, wakamtumia kama ufunguo wa mlango.

Kuhusu upiganaji: ni musou bora kabisa iliyowahi kutoka, kila mhusika ana mikono yake tofauti, na Impa peke yake anatosha bei ya kuingilia.

Fremu zinaporomoka adui wakijaa, hilo tuliliimba tangu wiki ya kwanza na sirudii. Hatua za kuendesha wanyama wa chuma ni upuuzi. Unaua maelfu kwa kubofya na huhisi hata mmoja, na kila mara nikizifikia nawasikia wale wakosoaji waliotutukana miaka ishirini kwamba musou ni gemu ya kitufe kimoja. Kwa dakika hizo kumi wana haki, na ninawachukia kwa hilo.

Lakini turudi kwenye vifo, kwa sababu kuna waliofanya kazi hii ipasavyo. Crisis Core ya mwaka 2007, kwenye PSP, ilikuwa na tatizo hilohilo: kisa cha kabla ya Final Fantasy VII, na kila mnunuzi anajua Zack atakufa. Walifanyaje? Walichukua DMW, ile mashine ya picha inayozunguka juu kushoto ambayo umeizoea na wakati mwingine umeilaani kwa saa zote za mchezo, wakaiharibu mbele yako. Zack yuko peke yake mbele ya jeshi la Shinra, hawaishi, na zile sura za watu aliowapenda zinaanza kukwama, kufifia na kupotea moja moja hadi inabaki ya Aerith. Kabla video yoyote haijakuambia anakufa, unaijua habari. Mfumo wa mchezo wenyewe unakufa mikononi mwako. Sijaona tena kitu cha namna ile.

Halo: Reach mwaka 2010 ikaenda njia ya mkato na bado ikafika. Sayari inaanguka, tunajua tangu jina. Baada ya orodha ya majina inakuja hatua moja ya ziada, lengo limeandikwa kwa neno moja tu, kwamba uendelee kuishi, na hakuna njia ya kulitimiza. Kioo cha kofia kinapasuka kila unapopigwa. Unacheza kushindwa kwako mwenyewe. Bungie hawakumtuma mtu kutoka siku za usoni aje na meli.

Ni mwaka 2020 ndio ulioleta ugonjwa huu wa kukwepa vifo. Miezi saba kabla ya Age of Calamity tulishapewa Final Fantasy VII Remake na wale vivuli wenye kofia wanaolinda majaliwa, tukapigana nao mwishoni ili tu waandishi wajiruhusu kubadilisha wanachotaka. Niliandika wakati ule kwamba huo ni uoga uliovaa joho la falsafa, na barua nilizopata sitazisahau. Angalau Square Enix walisema wazi wanabomoa nyumba yao wenyewe. Age of Calamity iliuzwa kama nyumba ya zamani yenyewe, samani zote zikiwa mahali pake.

Ninaielewa hoja ya upande wa pili, na si ya kipumbavu. Wanasema: Breath of the Wild ilishatuua mara moja, kwa nini tuuawe tena? Tuliishi na maiti wanne tangu 2017, tuache tuwaone wakishinda. Na wanaongeza kwamba dunia ya kwanza bado ipo, hii ni tawi tu, hakuna kilichofutwa. Sawa. Kama ni tawi, mbona halikutangazwa kama tawi? Hyrule Warriors ya 2014 kwenye Wii U ilikuwa fujo ya wazi: Midna, Ghirahim, Ganondorf na Darunia kwenye uwanja mmoja, Lana na Cia wametungwa kwa ajili ya kufungua milango ya nyakati, na hakuna aliyelalamika kwamba kisa rasmi kimevurugwa, kwa sababu hakuna aliyeahidiwa kisa rasmi. Nilicheza ile kwa furaha ya mtoto. Mlango wa wakati si dhambi. Dhambi ni kuuficha nyuma ya bango la mazishi.

Na wakishawaokoa Mabingwa, mkono haukamatiki tena. Mfalme Rhoam, aliyebaki nyuma ili binti yake akimbie, sehemu ambayo ilikuwa nzuri kuliko yote upande wa Zelda, anarudi akiwa hai na anachezwa. Uwezo wa Zelda, ambao katika Breath of the Wild uliamka akiwa ameshapoteza kila kitu isipokuwa mtu mmoja aliyelala chini ya miguu yake, hapa unaamka na karibu kila mtu wa maana yupo au yu njiani. Terrako mwenyewe anavunjika mwishoni, na nikasema haya, angalau kimoja kimelipiwa. Baada ya mchezo kuisha unapewa kazi ya kuokota vipande vyake ramani nzima, unamuunga, anaamka. Aliyebaki ni Sooga wa Yiga, adui, ambaye anajitoa ili mkubwa wake Kohga atoroke; kwa saa kadhaa yeye ndiye aliyekuwa mwenye kifo chenye uzito kuliko wote katika gemu inayohusu kuanguka kwa Hyrule. Nacho kifurushi cha pili cha nyongeza, Oktoba 2021, kikamrudisha kama mhusika wa kuchezwa.

Three Hopes ya mwaka 2022, musou nyingine ya Omega Force, inaonyesha kwamba somo liliingia nusu. Pale, mhusika Byleth anaweza kuuawa na wewe mwenyewe au kuvutwa upande wako, kutegemea ulivyolicheza pambano, na watu walirudia hatua ile kwa hasira na aibu. Hiyo ndiyo musou ninayoijua. Kwa hiyo uwezo walikuwa nao, na ruhusa ya mwenye jina inaweza kupatikana.

Hata kwa Age of Calamity nafasi ilikuwepo. Vifurushi vya nyongeza vilikuwa viwili, mwaka 2021, na tuliovilipia kabla tulikuwa na ombi moja tu: tupeni ile njia nyingine, mapambano manne, Mabingwa wanne, bila mlango. Hata bila video. Nipe Mipha, nipe Waterblight, nipe upau wa uhai usiotosha, uniache. Cha kwanza kilipofika mwezi Juni nilikifungua kikiwa bado cha moto. Link alikuwa ameongezewa rungu la mnyororo, Guardian mmoja alikuwa amebadili upande, na Zelda, binti mfalme wa ufalme uliokataa kuanguka, alikuwa amepewa pikipiki.