Wimbo Usio na Jina

Juzi tulipokuwa tukingoja mazoezi ya kwaya, kijana mmoja alifungua redio yake, ukasikika wimbo ambao hakuna kati yetu aliyepata kuusikia: sauti za wanawake, ngoma moja tu, na lugha ambayo mzee mmoja alitambua kuwa ni Kihunde. Wote tukanyamaza. Hata wale waliozoea kucheka lugha za wenzao walitega masikio. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akataja saa, akaendelea na habari nyingine. Hakumtaja mwimbaji, wala kijiji, wala jina la wimbo.

Naipenda redio ya watu wote, ndiyo maana nailaumu. Nyumbani mtu hupiga muziki anaoupenda tayari. Redio humletea asioutafuta. Redio ya taifa, na pia Radio Okapi iliyoanzishwa mwaka 2002 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, hutangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Tshiluba na Kikongo. Hapa Goma, ambapo jirani humwogopa jirani kwa sababu ya lugha yake, si jambo dogo kuusikia kwanza wimbo wake kabla ya kusikia habari zake mbaya. Lakini wimbo usio na jina ni kama mgeni aliyepita mlangoni bila kuamkiwa, utamwalikaje tena?

Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa amefanya kazi ya redio Afrika ya Kusini, alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi kijana Mwenda Jean Bosco na gitaa lake. Santuri zake zikaenea hata Kenya, na wapiga gitaa wakajifunza mwendo wa vidole vyake kwa kusikiliza tu. Wangemtafutaje kama jina lingefichwa? Tracey alikuwa akiandika kadi kwa nyimbo alizorekodi: mwimbaji, lugha, mahali, chombo. Kazi hiyo haihitaji mashine wala fedha nyingi.

Na sisi wa Kanisa tusijitoe. Misa Luba ya Kamina ilirekodiwa mwaka 1958, na jina la Padri Guido Haazen linajulikana mbali. Je, waimbaji wale, ambao sauti zao ndizo Misa yenyewe, ni wangapi kati yetu wanaoweza kuwataja?

Siku ya mazoezi yaliyofuata tulijaribu kuuimba ule wimbo wa redio. Mzee wetu alikumbuka kiitikio. Maneno mengine hatukuyapata.