Kuzaa tena baada ya kufunga kizazi: mirija iunganishwe, au mimba ipandikizwe?

Mwanamke aliyefunga kizazi na sasa anataka mtoto, pengine kwa ndoa mpya, pengine kwa msiba wa mtoto aliyefariki, hospitali inaweza kumsaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumrudisha kwenye chumba cha upasuaji ili mirija iliyokatwa iunganishwe. Ya pili ni kuiacha mirija ilivyo: mayai yanatolewa kwenye ovari, yanarutubishwa maabara, kisha kiinitete kinawekwa kwenye mji wa mimba. Huo ndio upandikizaji, unaojulikana zaidi kwa jina la IVF. Ulibuniwa hasa kwa ajili ya wanawake ambao mirija yao haipitiki. Mama wa Louise Brown, mtoto wa kwanza wa njia hii, aliyezaliwa Uingereza Julai 1978, alikuwa mmoja wao.

Ipi bora? Watafiti wa hospitali ya chuo kikuu mjini Brussels, Ubelgiji, walilipima swali hilo na kuchapisha majibu mwaka 2007. Walirudi kwenye majalada ya wanawake waliokuwa wamefunga kizazi, baadhi wakaunganishwa mirija, wengine wakapandikizwa, wakahesabu waliofika hadi kujifungua ndani ya miezi 72. Kwa jumla waliounganishwa walipata asilimia 59.5, waliopandikizwa asilimia 52. Kwa walio chini ya miaka 37 pengo lilipanuka: asilimia 72.2 dhidi ya 52.4. Kwa wenye miaka 37 na zaidi mambo yaligeuka, 36.6 dhidi ya 51.4, ingawa tofauti hii ya mwisho haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu.

Namba hizi hunukuliwa sana kuwatetea wapasuaji. Mimi naona zinadai msomaji atazame kwanza zilivyopatikana. Wanawake wale hawakugawanywa kwa kura. Kila mmoja alifikia tiba yake kwa ushauri, hali ya mwili na uwezo wake, kwa hiyo makundi mawili hayakuwa sawa tangu mwanzo. Halafu kuna ile miezi 72. Aliyeunganishwa mirija ana nafasi mpya kila mwezi bila kulipa tena, na miaka sita ni nafasi nyingi. Anayepandikizwa hulipia kila mzunguko, huchomwa sindano za homoni kila mzunguko, na wengi huacha fedha au moyo unapokwisha, si kwa sababu tiba imefika mwisho wa uwezo wake. Kipimo cha miaka sita kinamfaa mwenye miaka 30. Mwenye 41 hana miaka sita ya kusubiri, maana mayai yake yanazeeka pamoja naye, na hakuna upasuaji wa mirija unaoyarudisha ujana. Hata upandikizaji kwa mayai yake mwenyewe huwa mgumu sana akishapita miaka 43 hivi.

Kwa hiyo umri unatangulia. Lakini kwa mwanamke kijana jambo linaloamua ni lile ambalo wengi hawalijui kuhusu miili yao: walifungwaje?

Mrija mzima una urefu wa sentimita 10 hadi 12. Klipu huharibu milimita chache tu. Pete ya mpira huua kipande cha sentimita 2 au 3. Mtindo wa Pomeroy, ambapo mrija hukunjwa, hufungwa kwa uzi na kukatwa, ndio uliozoeleka katika upasuaji mdogo unaofanywa kwa ganzi Afrika Mashariki, nao huondoa sentimita kadhaa. Kuunguza kwa umeme kunaweza kuharibu zaidi ya hapo. Mpasuaji anataka abakiwe na mrija wa walau sentimita 4, wenye ncha yake ya vidole inayolidaka yai. Ncha hiyo ikiwa imekatwa, au mrija wote umeondolewa, mjadala umefungwa: njia iliyobaki ni upandikizaji.

Kazi yenyewe ya kuunganisha ilipata sura yake ya leo miaka ya 1970, mikononi mwa wapasuaji kama Victor Gomel wa Vancouver na Robert Winston wa London, walioingiza hadubini kwenye upasuaji huu. Kovu hukatwa kidogo kidogo mpaka nyama yenye uhai ionekane, maji ya rangi ya buluu hupitishwa kutokea mji wa mimba kuthibitisha kwamba njia iko wazi, kisha vipande viwili hushonwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Uvivu wa dakika chache hapa huzaa kovu jipya. Ndiyo maana ningemuuliza mpasuaji amewahi kuunganisha wangapi na wangapi wamejifungua, kabla ya kumuuliza bei.

Mrija ulioshonwa una hatari yake. Mimba inaweza kutunga humo humo, na makadirio mengi huweka hatari hiyo kati ya asilimia 2 na 10. Mwanamke aliyeunganishwa akikosa hedhi asisubiri kliniki ya mwezi wa tatu. Apigwe picha ya ultrasaundi mapema, kuanzia wiki ya sita, aonekane mimba iko wapi. Upandikizaji nao huleta mapacha pale viinitete viwili au zaidi vinapowekwa pamoja, na sindano zake zinaweza kuvimbisha ovari kwa kiasi cha kumlaza mtu hospitali.

Mume asisahaulike. Kipimo cha mbegu ni cha bei ndogo kuliko yote na kinapaswa kutangulia yote. Mbegu zikiwa chache sana, kufungua mirija ni kumpasua mwanamke bure.

Upandikizaji upo kwetu: Uganda ilipata mtoto wake wa kwanza wa njia hii mwaka 2004, Kenya mwaka 2006. Gharama ndiyo kizuizi, kwa kuwa mzunguko mmoja ukishindwa fedha yote imekwenda. Mwenye miaka 32, aliyefungwa kwa klipu au pete, mume mzima, anayetaka watoto wawili, ningemshauri aunganishwe bila kusita. Mwenye miaka 39 asipoteze mwaka kusubiri mrija upone na kujaribiwa.

Ushauri huo wote unategemea ripoti ya upasuaji wa kwanza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia waliofunga kizazi kwa hadi miaka 14 ulionyesha kuwa, kwa waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini, asilimia 20.3 walikuja kujuta. Kwa waliopita umri huo, asilimia 5.9. Majuto ya vijana yanajulikana, basi yaandaliwe. Madaktari na wauguzi mnaofunga vizazi, andikeni mtindo mliotumia na urefu wa kipande mlichokata, na nakala mpeni mama mwenyewe aondoke nayo. Nawe dada uliyekwisha kufungwa, nenda kaiombe ripoti yako sasa, kabla jalada halijapotea.